Mahakama Isiyokaa: Uamuzi wa Nambindinga na Lugha ya Kuihukumu Vita

Tamthilia inayohusu mahakama ya kijeshi ina umbo ambalo wasomaji wa fasihi wamekwisha kulizoea. Ofisa husimamishwa mbele ya maofisa wenzake, mashahidi huitwa mmoja mmoja, na swali linaloulizwa si kama mshtakiwa alilitenda tendo lile, kwani mara nyingi halikani. Swali ni kama usiku ule, kwa habari alizokuwa nazo na kwa chakula kilichobaki ghalani, aliweza kutenda vinginevyo. Heinrich von Kleist alilitumia umbo hilo mwanzoni mwa karne ya 19 katika tamthilia yake kuhusu mwanamfalme wa Homburg, ambaye alishambulia kinyume cha amri, akashinda, kisha akahukumiwa kifo ingawa ushindi ulikuwa wake. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walilipindua umbo hilo mwaka 1976 walipomweka Dedan Kimathi kizimbani, wakaifanya mahakama yenyewe ndiyo mshtakiwa.

Mnamo Novemba 1917, uwanda wa juu wa Makonde na nchi inayouzunguka, kutoka Masasi hadi Newala, ulishuhudia majuma mawili ambayo yangetosha kabisa kwa tamthilia ya namna hiyo. Walikuwapo makamanda wawili wa jeshi moja, maamuzi mawili yanayopingana, na sheria iliyokwisha kuandikwa. Kamanda aliyeendelea na vita hakuhojiwa na mahakama yoyote kuhusu majuma hayo. Mwezi Machi 1919 alipita katika Lango la Brandenburg mjini Berlin, juu ya farasi, akishangiliwa na umati. Makala haya yanaichunguza kesi hiyo isiyosikilizwa, na hasa yanauliza ingekuwaje kama ingesikilizwa kwa lugha ambayo wengi wa waliohusika waliielewa, yaani Kiswahili.

Kwanza, mambo yenyewe. Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917, majeshi ya Paul von Lettow-Vorbeck na yale ya Uingereza yalipambana Mahiwa, katika njia itokayo Lindi kwenda Masasi. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000, waliouawa na waliojeruhiwa. Neno "Waingereza" hapa lisimpotoshe msomaji: wengi wa waliokuwa mstari wa mbele upande huo walikuwa Wanigeria na askari wa KAR. Wajerumani walipoteza watu mia tano hivi, ambao nao wengi wao walikuwa Waafrika. Kwa hesabu ya siku hizo nne Lettow-Vorbeck alishinda. Lakini mia tano wale hawakuwa na wa kuwarithi, na risasi zilizotumika hazikuweza kurudishwa. Jeshi lililoshinda ndilo lililorudi nyuma, likapitia Chiwata, likafika Nambindinga.

Hapo Nambindinga, tarehe 17 Novemba, ndipo uamuzi ulipofanyika. Jeshi lipunguzwe. Wagonjwa, majeruhi na wote ambao hapakuwa na chakula wala risasi za kuwatosha waachwe waangukie mikononi mwa adui. Waliobaki wauvuke mto Ruvuma, waingie nchi iliyotawaliwa na Wareno, na vita viendelee. Walioachwa walikuwa mamia kadhaa ya Wazungu na mamia ya askari. Waliovuka Ngomano tarehe 25 Novemba walikuwa Wajerumani wapatao 300, askari wapatao 1,700, na wapagazi na wafuasi wengine wapatao 3,000. Siku hiyo hiyo waliishambulia kambi ya Wareno, wakamuua kamanda wake, Meja João Teixeira Pinto, na kuteka silaha na risasi kwa wingi. Vita hivyo havikwisha mpaka tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili baadaye, jeshi hilo lilipoweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, nchini Zambia.

Anayeifahamu nchi ile atakubali kwamba shahidi wa kwanza wa utetezi angekuwa ardhi yenyewe. Uwanda wa juu wa Makonde una udongo unaoyanywa maji ya mvua yote. Mito na vijito havionekani juu yake. Kwa vizazi vingi wanawake wa huko walishuka mabondeni kuteka maji na kupanda tena na mitungi kichwani, na hata mradi wa maji ya bomba ulioanzishwa katika miaka ya 1950 haukuimaliza shida hiyo. Kichaka chake ni kinene kiasi kwamba mtu akitoka njiani hatua chache hupotea machoni. Newala imekaa ukingoni kabisa, na mtu akisimama pale huliona bonde la Ruvuma chini yake na milima ya Msumbiji ng'ambo. Ni mahali pazuri pa kumwona adui. Kuwanywesha maelfu ya watu hapo ni jambo jingine. Wareno walikwisha kuonja taabu hiyo: waliikalia Newala mwezi Oktoba 1916, wakazingirwa, na kabla ya mwezi uliofuata kwisha wakatoroka usiku.

Shahidi wa pili wa utetezi angekuwa sheria. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1906 uliitambua hali ya jeshi linalolazimika kuwaacha wagonjwa wake mikononi mwa adui, na ulilitaka tu liwaachie, kwa kadiri hali ya vita inavyoruhusu, sehemu ya waganga na vifaa vya tiba. Kwa hiyo kuwaacha wagonjwa peke yake hakukuwa kosa. Pengine kwa baadhi yao kulikuwa ni kuokoka. Kwinini iliyobaki ilikuwa kidogo, na walioachwa waliingia hospitali za Waingereza wakati wenzao wakielekea kwenye mwaka mmoja zaidi wa homa na njaa. Kamanda mwenyewe alikiri katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1920, kwamba miongoni mwa Wazungu walioachwa walikuwamo ambao hawakusikitika sana kuziweka chini silaha zao.

Mwendesha mashtaka mwerevu, basi, asingepoteza muda wake juu ya wagonjwa. Angeuliza juu ya wazima. Kwa mamlaka gani watu elfu tano walivushwa mto ili kupigana katika nchi isiyo yao, wakati koloni lililokuwa sababu ya vita limekwisha kupotea lote? Gavana Heinrich Schnee, ambaye kisheria ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo, alikuwamo katika msafara, na ugomvi wake na kamanda ulikuwa wa tangu mwaka 1914, alipotaka miji ya pwani isipiganiwe na kamanda akapigana Tanga. Tanga ilileta ushindi, na baada ya ushindi hakuna aliyeuliza tena habari za utii. Hapa ndipo Kleist anapotofautiana na historia. Katika tamthilia yake ushindi haufuti kosa mpaka mshtakiwa mwenyewe aikubali hukumu. Katika Afrika Mashariki ushindi uliifuta hata hati ya mashtaka. Lettow-Vorbeck alipoondolewa jeshini mwaka 1920, sababu ilikuwa kuunga mkono jaribio la Kapp la kuiangusha serikali ya Ujerumani. Mambo ya Umakonde hayakutajwa.

Kamanda wa pili ni Kapteni Theodor Tafel, na kwa mtazamo wa tamthilia huyu ndiye mhusika mwenye uzito zaidi, ingawa vitabu humpa aya moja au mbili tu. Tafel alitoka Mahenge na kikosi cha magharibi, akasafiri kwa majuma kadhaa kuelekea kusini-mashariki akimtafuta mkuu wake. Alipolifikia bonde la Ruvuma mkuu wake alikuwa amekwisha kuondoka. Vikosi viwili vya jeshi moja vilipishana porini kwa mwendo mfupi, pasipo kimoja kujua kilipo kingine. Chakula kilikwisha. Tarehe 28 Novemba 1917, siku tatu baada ya mkuu wake kuvuka Ngomano, Tafel alisalimu amri pamoja na askari zaidi ya elfu moja, na wapagazi na wafuasi waliokuwa wengi kuliko hao.

Sasa msomaji na aitazame sheria ya jinai ya kijeshi ya Ujerumani ya mwaka 1872. Sheria hiyo ilimwekea adhabu ya kifo kamanda ambaye, akiwa katika uwanja wa wazi, anafanya mapatano ya kusalimu amri na watu wake wakaweka silaha chini, iwapo hakutimiza kwanza yote ambayo wajibu ulimtaka ayatimize. Haikuwa na adhabu kwa kamanda anayeendelea kupigana. Kwa hiyo, kama mahakama ingekaa, na kama ingefuata maandishi tu, ambaye angepaswa kujieleza ni yule ambaye kwa uamuzi wake watu elfu kadhaa waliacha kutembea na kufa njiani. Mwenziwe angeitwa kama shahidi, na huenda angepewa kiti. Ni vigumu kwa mwandishi wa tamthilia kubuni kinyume kikali kuliko hiki, na hapa hakuna kilichobuniwa.

Lugha ya kesi ndiyo inayostahili kuzingatiwa zaidi. Katika jeshi la Wajerumani amri za gwaride zilitolewa kwa Kijerumani, lakini mazungumzo ya kazi kati ya maofisa na askari yalikuwa ya Kiswahili. Yamkini habari ya Nambindinga, nani abaki na nani aende, iliwafikia wengi kwa Kiswahili. Kumbukumbu, ripoti na vitabu viliandikwa kwa Kijerumani na Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba tendo lilitendeka katika lugha moja na kuhukumiwa, au kusamehewa, katika lugha nyingine. Mtu akijaribu kuirudisha kesi katika Kiswahili ataona kuwa maneno yenyewe yanaanza kutoa ushahidi.

Chukua neno "uamuzi". Kitenzi "kuamua", kabla ya kuwa na maana ya kukata shauri moyoni, kina maana ya kuwatenganisha wanaopigana na kusuluhisha ugomvi wao. Mwamuzi ni mtu wa tatu, asiye na upande. Kamanda anayeamua, kwa Kiswahili, amekwisha kukalia kiti cha hakimu bila kuambiwa. Na pale Nambindinga maana ya asili ilitimia kwa namna ya ajabu, kwa kuwa kazi iliyofanyika ilikuwa ni kuwatenganisha watu: hawa huku, wale kule. Au chukua "kusalimu amri". Anayeshindwa hakuelezwa kwa kitenzi cha kuanguka wala cha kukata tamaa, anaikabidhi amri. Amri haifi, inabadili mikono tu. Askari wa Tafel walilielewa jambo hilo kwa miili yao, kwa sababu mizigo iliyokuwa ikibebwa asubuhi kwa amri moja iliweza kubebwa jioni kwa amri nyingine.

Neno "mtoro" ni zito zaidi. Askari wengi, na wapagazi wengi zaidi, waliuona mto na hawakutaka kuuvuka, kwa kuwa makwao kulikuwa kaskazini. Katika sheria ya kijeshi kutoroka mbele ya adui ni miongoni mwa makosa makubwa kabisa. Lakini mwendesha mashtaka akilitamka neno "mtoro" katika nchi ya Masasi, analitamka mahali ambapo lina historia yake. Masasi ya misheni ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili, kwa kuwapeleka huko watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kwa watu wa nchi hiyo mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Wakili wa utetezi asingehitaji hotuba ndefu. Angeuliza tu: mtoro wa nani?

Hata hivyo, uzito mkubwa umo katika sarufi. Kiswahili humpa shahidi njia kadhaa za kulieleza jambo moja, na kila njia humweka mtenda mahali pake. "Kamanda aliwaacha wagonjwa" ina kiima kinachoweza kufungwa pingu. "Wagonjwa waliachwa" iko katika kauli ya kutendwa: mtenda amefichwa, lakini yupo, na hakimu anaweza kuuliza, "Na nani?" "Wagonjwa walibaki" haina mtenda kabisa, kana kwamba wagonjwa wenyewe walipenda kukaa. Kuna tofauti pia kati ya "tulilazimishwa" na "tulilazimika". Kauli ya kutendeshwa hudai mtu aliyelazimisha. Kauli ya kutendeka huyaacha mambo yajilazimishe yenyewe, kama kamba inayokatika bila mkataji. Na juu ya yote ipo "ilibidi". Kiambishi chake cha i- hakirejelei mtu wala kitu. "Ilibidi waachwe" ni sentensi yenye vitenzi viwili, kimoja hakina mwenyewe na kingine kimemficha mwenyewe. Hakuna silaha bora kwa utetezi katika lugha hii. Tamthilia nzima ingeweza kujengwa juu ya hakimu mkaidi anayemkataza shahidi kusema "ilibidi".

Hilo si mchezo wa wanaisimu. Anayesoma kumbukumbu za wakubwa wa vita vile ataona kuwa umuhimu, ulazima na hali ndivyo viima vya sentensi zao kila panapotokea kifo cha wapagazi. Wakubwa wa pande zote mbili wanafanana katika hilo. Wapagazi waliokufa upande wa Uingereza pekee hukadiriwa kuwa zaidi ya 95,000. Maradhi, njaa na uchovu viliwaua wengi kuliko risasi. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, ambaye dayosisi yake wakati huo iliihusisha Masasi, alikusanya na kuongoza kikosi cha wapagazi mwaka 1916, akatembea nacho. Baadaye alichapisha barua ya wazi ya kuwashtaki Wajerumani kwa jinsi walivyowatendea Waafrika, na Waingereza wakaifurahia. Mwaka 1920 aliandika tena, safari hii akiishtaki Uingereza kwa kazi ya shokoa nchini Kenya, na furaha ikapungua. Angefaa kuwa mwendesha mashtaka katika mahakama hii, kwa kuwa ni nadra kumpata mtu wa wakati ule aliyeitumia mizani ile ile kwa pande zote mbili.

Mashahidi wengine wangetoka wapi? Wake wa askari walifuatana na msafara, wakipika, wakibeba watoto na kuzaa njiani. Wenyeji wa vijiji vya Wamakonde, Wamakua na Wayao walichukuliwa chakula na jeshi lililokuwa likikimbia, na baada yake likaja jeshi lililokuwa likifukuza, nalo lilikuwa na njaa. Katika mahakama halisi za kijeshi za wakati ule watu hawa, kama wangeitwa, wangesema kupitia kwa mkalimani, na kilichoandikwa kingekuwa maneno ya mkalimani. Katika tamthilia ya Kiswahili mkalimani huondoka jukwaani. Ofisa wa Kijerumani na mama aliyemwaga machozi juu ya ghala lake la mtama husema lugha moja mbele ya watazamaji. Ni uongo wa kisanaa, bila shaka, lakini kwa vita hivi ni uongo ulio karibu na ukweli kuliko nyaraka.

Kusini mwa Tanzania hakukosi mapokeo ya kuigeuza vita kuwa sanaa ya lugha. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi juu ya Vita vya Maji Maji, vilivyoiteketeza misheni ya Masasi mwaka 1905, na Ebrahim Hussein aliitoa Kinjeketile mwaka 1969. Tamthilia hiyo ya pili inafunga kwa jambo lililo karibu sana na mahakama: mfungwa anatakiwa kukana alilolisema, naye anakataa kwa sababu ya watakaokuja baadaye. Lakini Maji Maji ina upande ambao mtazamaji wa Kitanzania anaweza kusimama nao. Nambindinga haina. Mwafrika yuko pande zote mbili akimpigia Mzungu vita vyake, na kishawishi cha kuwapaka askari rangi ya ushujaa mtupu, au rangi ya usaliti mtupu, ni kikubwa. Kutokuwa na upande ndiko kunakolifanya umbo la mahakama lifae hapa kuliko utenzi, kwa kuwa utenzi unadai shujaa.

Kuna tukio moja ambalo mwandishi wa tamthilia angeweza kulitumia kama sauti kutoka nje ya jukwaa. Tarehe 21 Novemba 1917 puto kubwa la kijeshi la Wajerumani, L59, liliruka kutoka Jamboli nchini Bulgaria likiwa na risasi, bunduki za rashasha na dawa, likielekea uwanda wa Makonde. Lilipofika Sudan, tarehe 23, lilipokea kwa redio amri ya kurudi, kwa kuwa uwanda ulikuwa umepotea. Nahodha wake, Ludwig Bockholt, alitii. Puto lilitua Jamboli asubuhi ya tarehe 25, baada ya saa 95 angani na safari ya kilomita zipatazo 6,757. Siku hiyo waliotarajiwa kuzipokea risasi hizo walikuwa wakivuka Ruvuma wakiwa na maji hadi kifuani. Hapa kuna askari wa tatu na uamuzi wa tatu, ule wa kutii, ambao kwa kawaida haumpeleki mtu mahakamani.

Lettow-Vorbeck alifariki dunia tarehe 9 Machi 1964. Mwaka huo huo serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba wazee waliokusanyika Mwanza kuyadai malipo hayo wengi wao hawakuwa na cheti chochote, ndipo ofisa aliyekuja na fedha akampa kila mmoja ufagio na kumtolea amri za gwaride kwa Kijerumani. Na hakuna hata mmoja aliyekosea. Ikiwa masimulizi hayo ni ya kweli, basi kikao hicho ndicho kilichokaribia zaidi kuwa mahakama ya vita vile: hakimu mmoja, kielelezo kimoja, na swali moja, kama mtu bado anaikumbuka amri. Malipo yalikuwa ya askari. Wapagazi hawakufundishwa gwaride, na jina lao limebaki Kariakoo, Dar es Salaam, lililotokana na kambi ya kikosi chao cha Waingereza, ambalo hutamkwa kila siku na maelfu ya watu wanaokwenda sokoni kununua samaki na vitambaa.